Mipangilio ya kompyuta kuu hubadilishwaje mtambo ukiwa kazini?

BANDARI ya Kilindini, Mombasa, hailali. Makasha hushughulikiwa saa 24, na shehena ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo haitoki langoni kabla ya hati zake kupita katika kompyuta. Mwaka 2005 Mamlaka ya Ushuru (KRA) ilianzisha mfumo wa forodha ulioitwa Simba, uliotokana na GAINDE wa Senegali na ambao baadaye ulirithiwa na iCMS. Mwaka 2008 Halmashauri ya Bandari (KPA) ilianzisha KWATOS, wa kusimamia makasha.

Mitambo isiyopumzika namna hiyo ina tatizo lake: itarekebishwaje ilhali inatumika? Swali hilo lilianza kusumbua zamani katika meinifremu, yaani kompyuta kuu za mabenki na mashirika ya ndege, ambazo ukoo wake mashuhuri ni ule uliotokana na System/360, iliyotangazwa na IBM Aprili 7, 1964.

Katika z/OS, mfumo endeshi wa mitambo hiyo leo, mipangilio mingi imo katika mafaili ya maandishi ya kawaida, ndani ya maktaba iitwayo SYS1.PARMLIB. Mtambo huyasoma unapowashwa na kuyaweka yaliyomo katika kumbukumbu yake. Tangu hapo huongozwa na nakala hiyo, si faili lenyewe.

Hapo ndipo wengi huponzwa. Fundi akibadilisha mstari katika faili na kulihifadhi, mara nyingi hakuna kinachotikisika, naye huenda nyumbani akidhani mambo ni shwari. Koma moja iliyokosewa yaweza kulala humo miezi kadhaa, ikazuka mtambo unapowashwa upya saa nane za usiku, mwandishi wake yuko likizoni na aliye zamu hana habari kwamba kuna kilichoguswa.

Kinyume chake nacho kina madhara. Zipo amri, kama SET na SETPROG, zinazobadilisha mtambo papo hapo bila kuligusa faili. Tatizo huondoka, wakubwa hushukuru. Mtambo ukizimwa na kuwashwa, badiliko limeyeyuka. Seva za Linux zina mtego uo huo: linalobadilishwa kwa amri ya sysctl hupotea lisipoandikwa pia katika faili kama /etc/sysctl.conf.

Mafundi waangalifu hawaandiki juu ya faili linalotumika. Mafaili hayo yana majina yanayoishia kwa herufi au tarakimu mbili, mfano IEASYS00. Hunakiliwa, nakala ikapewa mwisho mpya, na hiyo ndiyo huhaririwa. Mtambo ukigoma kuwaka, mwendeshaji hutaja lile la zamani. (Manahodha wa majahazi ya Bandari ya Kale, wanaogeuza foromali chombo kikiwa majini, wataielewa tahadhari hiyo bila kufafanuliwa.)

Kihariri cha ISPF humzuia mtu wa pili kuhariri faili lililo mikononi mwa mwenzake. Hakiwezi, hata hivyo, kuwazuia wawili wanaobadilisha mafaili tofauti yanayotegemeana. Hao huokolewa na daftari la zamu tu, likiandikwa.

Jaribio la kweli ni kuzima na kuwasha. Kwa bandari, saa hiyo hutakiwa kutangazwa mapema kwa mawakala wa forodha, kabla malori hayajapanga foleni Changamwe.