Kasanga: Boma la Vita Linalongoja Wasimulizi Wake

Ukitoka Sumbawanga kupitia Matai, barabara inaacha baridi ya Ufipa na kuteremka hadi kwenye joto la Ziwa Tanganyika, Kasanga. Hapo ndipo Wajerumani walipojenga boma lao wakaliita Bismarckburg, kwa jina la kansela wao wa zamani. Shuleni wengi tulitajiwa Tanga, Tabora na Mahiwa. Hatukuambiwa kwamba Vita Vikuu vya Kwanza, kwa upande wetu wa Afrika, vilimalizikia jirani kabisa na Ufipa.

Mapigano ya mpakani yalianza mapema. Septemba 1914 askari wa Kijerumani walivuka mpaka wakashambulia Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo, nchini Zambia. Katikati ya 1915 walirudi na kuizingira ngome ya Saisi, lakini Waingereza na Wabelgiji waliokuwa ndani hawakusalimu amri.

Mwezi Mei 1916 kikosi cha Waingereza chini ya Luteni Kanali Murray kiliingia Ufipa na kulizingira boma la Kasanga. Kamanda Spicer-Simson wa jeshi la majini la Uingereza alifika ziwani na mashua zake za vita, akaogopa kusogea kwa sababu ya mizinga aliyoiona ukutani. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Juni, Wajerumani na askari wao wakatoroka kwa vyombo vya majini. Inasimuliwa kwamba ile mizinga ilikuwa magogo tu.

Jenerali von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, alipata habari za kusitishwa kwa vita akiwa kwenye mto Chambeshi, siku kadhaa baada ya Ulaya kunyamaza. Tarehe 25 Novemba 1918 aliweka silaha chini Abercorn, akiwa na Wajerumani 155, askari Waafrika 1,168 na wapagazi wengi kuliko hao. Waliteremshwa hadi Kasanga, wakapandishwa melini kwenda Kigoma, kisha kwa treni hadi Tabora. Homa kali ya mafua ya mwaka ule iliwaua wengi walionusurika risasi kwa miaka minne.

Askari waliobaki waliitunza kumbukumbu wenyewe. Jenerali wao alipozuru Dar es Salaam mwaka 1953, askari wazee walijitokeza kumlaki. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilikubali kulipa malimbikizo ya mishahara yao. Inasimuliwa kwamba Mwanza walifika wazee wapatao 350 kuyadai, wachache wakiwa na vyeti vya utumishi wao jeshini. Wasio na cheti walipewa ufagio, wakaamriwa kwa Kijerumani kuushika kama bunduki. Mikono ilikuwa haijasahau gwaride.

Mimi nawafikiria zaidi wapagazi. Majeshi ya pande zote yalikula chakula cha wanavijiji na kusafiri kwa mabega ya watu hao. Dar es Salaam wanakumbukwa kwa Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 na kwa jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wapagazi. Zambia nako upo mnara wa kumbukumbu ya mwisho wa vita kule Chambeshi. Ufipa ilitoa watu na nafaka, nayo inastahili heshima hiyohiyo pale Kasanga.

Maveterani wenyewe wametutoka, ila wapo wajukuu waliosikia habari hizi jikoni na kwenye vilinge vya pombe. Walimu wa Kalambo na Sumbawanga, watumeni wanafunzi wakawaulize bibi na babu zao, wayaandike majina ya waliobebeshwa mizigo na vijiji walikotoka. Na mwenye cheti cha babu yake sandukuni asikichome: akipeleke Makumbusho ya Taifa.