Viashiria vya damu vya saratani ya ngozi

Viashiria vya damu vya saratani ya ngozi ni vimeng'enya, protini, seli au vipande vya DNA vinavyopimwa katika damu ili kujua ugonjwa umesambaa kiasi gani na unaitikiaje matibabu. Husaidia kupanga hatua na kumfuatilia mgonjwa; kuugundua ukiwa bado mchanga haviwezi. Hiyo ni kazi ya jicho, kisha ya kinyama kinachokatwa na kutazamwa kwa hadubini. Makala hii inavitazama kutoka Kipsing, makazi ya wafugaji Wasamburu na Waturkana katika Kaunti ya Isiolo.

Kwa watu weusi, melanoma (saratani ya seli za rangi ya ngozi) hupenda kuota kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, yake ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Mchungaji anayetembea kutwa na akala anaweza kudhani doa jeusi la unyayoni ni alama ya mwiba, na miezi ikapita.

Kiashiria kikuu cha melanoma iliyosambaa ni kimeng'enya cha laktati dihidrojenasi (LDH). Mfumo wa Marekani wa kupanga hatua za saratani ulikiingiza katika hatua ya nne mwaka 2002, na toleo lililoanza kutumika 2018 likakiandika kama 0 (kawaida) au 1 (kimepanda). Bei yake ni nafuu, ila kina udhaifu mmoja mkubwa: seli nyekundu za damu zenyewe zimejaa LDH. Kichupa kikirushwarushwa garini hadi mji wa Isiolo kabla seramu haijatenganishwa, seli hupasuka. Seramu iliyopaswa kuwa ya manjano hutoka na wekundu, na jibu husema LDH iko juu hali mgonjwa hana tatizo hilo. Kuweka sampuli kwenye friji nako huharibu baadhi ya aina za kimeng'enya hiki. Mashine ya kuzungushia damu papo hapo ina faida kuliko gari la kasi.

Protini ya S100B hutumika Ujerumani kufuatilia wagonjwa. DNA ya uvimbe inayoelea katika plazma, hasa yenye badiliko la jeni ya BRAF, inatia matumaini, lakini badiliko hilo ni haba katika melanoma za nyayo. Isitoshe, kichupa cha kawaida kikikaa saa nyingi, seli nyeupe humwaga DNA zao na kuifunika ile inayotafutwa.

Katika Afrika Mashariki, kipimo cha damu kilichozoeleka zaidi ni hesabu ya seli za kinga za CD4, katika sarkoma ya Kaposi, saratani nyingine inayojitokeza kwenye ngozi, kwa watu wenye VVU. Ikiwa chini ya 150 kwa mikrolita, mgonjwa huwekwa katika kundi la hatari zaidi. Kirusi kinachosababisha sarkoma hiyo kiligunduliwa mwaka 1994, lakini kingamwili zake si uthibitisho wa ugonjwa, kwani wengi wanazo na ni wazima.

Saratani ya seli bapa, inayowaandama watu wenye ualbino na kuota pia kwenye makovu ya zamani ya moto, haina kiashiria cha damu kilichokubalika. Kidonda kinachoshukiwa kuwa nayo kisipofunga kwa wiki kadhaa, kikatwe kinyama na kutiwa formalini. Kikiwa humo, hustahimili barabara ile ile inayoiharibu damu.