Herufi U katika Orodha ya Nyota



Wataalamu wa nyota wa Ulaya, Marekani, Uhindi na Japani hutumia neno moja la Kiswahili katika kazi zao, na huenda wengi wao hawalitambui. Huliandika kwa ufupi, kwa herufi moja tu: 4U 0115+63, 4U 1626-67. Tarakimu za mwisho zinaonyesha mahali pa nyota angani, na ile 4 ya mwanzo inaonyesha kwamba orodha iliyotumika ni ya nne. Herufi U ni Uhuru. Habari ya jinsi neno hilo lilivyofika huko ni sehemu ya historia ya Afrika ya Mashariki, ingawa sisi walimu hatuifundishi.

Nyota kubwa inapomaliza kuni zake, kiini chake huporomoka. Mwaka 1934, miaka miwili tu baada ya chembe iitwayo nutroni kugunduliwa, Walter Baade na Fritz Zwicky walipendekeza kwamba maporomoko ya namna hiyo huacha nyota iliyofanyika karibu yote kwa nutroni. Uzito wake unazidi ule wa Jua, lakini upana wake ni kama njia ya kutoka Goma hadi Sake. Kijiko kimoja cha chai cha mata yake kingekuwa na uzito wa zaidi ya tani bilioni moja. Kwa zaidi ya miaka thelathini jambo hilo lilibaki hesabu ya kwenye karatasi. Ndipo mwishoni mwa mwaka 1967, huko Cambridge, mwanafunzi Jocelyn Bell alipokuta mawimbi ya redio yanayopiga kila baada ya sekunde 1.3 bila kukosea. Nyota za namna hiyo zikaitwa pulsa, na baada ya muda mfupi ilikubalika kwamba ni nyota za nutroni zinazozunguka kwa kasi.

Upande mwingine kulikuwa na fumbo la pili. Mwaka 1962 roketi iliyorushwa Marekani na kikundi cha Mwitaliano Riccardo Giacconi ilikuta kwamba katika kundi la nyota la Nge kuna kitu kinachotoa eksirei kwa nguvu mno, mionzi ileile ambayo hospitalini hupigia picha ya mifupa. Hewa yetu huizuia mionzi hiyo isifike chini. Bila kizuizi hicho tusingekuwa hai. Basi anayetaka kuiona hana budi kutoka nje ya hewa, na roketi za wakati ule zilikaa huko dakika chache tu kabla ya kuanguka. Ni nani awezaye kujifunza tabia ya jirani kwa kumchungulia dakika tano kwa mwaka? Ilihitajika satelaiti.

Hapo ndipo pwani yetu inapoingia. Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma alikuwa amesimamisha majukwaa ya chuma baharini, katika Ghuba ya Ungwana kaskazini mwa Malindi, na tangu mwaka 1967 Waitalia walirushia satelaiti hapo. Mahali hapo pana faida mbili. Karibu na ikweta dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi, hivyo huisukuma roketi iendayo mashariki. Tena satelaiti inayozunguka juu ya ikweta huepuka kwa sehemu kubwa ukanda wa mionzi ambao ungevuruga vyombo vyake. (Malindi haikuwa ngeni kwa mambo ya nyota. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipata hapohapo rubani wa kumvusha hadi Uhindi, na marubani wa bahari ile walijua kusoma anga.)

Tarehe 12 Desemba 1970 roketi aina ya Scout ikapaa kutoka majukwaa hayo, ikiwa na satelaiti ya Wamarekani yenye uzito wa kilo 140 hivi. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya eksirei za angani peke yake. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wake. Marjorie Townsend, mama aliyesimamia mradi huo katika shirika la NASA, akaipa satelaiti jina la Uhuru.

Wiki chache baadaye, Januari 1971, Uhuru ilielekea kitu kiitwacho Centaurus X-3. Eksirei zake hazikuja mfululizo. Zilipiga kila baada ya sekunde 4.8. Hiyo peke yake ilikuwa habari kubwa, lakini kwa kuwa satelaiti haianguki baada ya dakika tano, wataalamu waliendelea kutazama, na wakaona kwamba kila baada ya siku mbili na kidogo mionzi hutoweka kabisa kwa karibu nusu siku, kisha hurudi. Zaidi ya hayo, mipigo ilikuwa ikikaribiana kidogo kwa muda, halafu ikiachana kidogo, kwa mzunguko uleule wa siku mbili. Mtu anayepiga ngoma juu ya lori linalokuja kwetu, mapigo yake hutufikia yakiwa yamekaribiana, kwa sababu kila pigo lina safari fupi kuliko lililotangulia. Lori likienda zake, mapigo hupishana zaidi. Basi pulsa ile ilikuwa juu ya lori. Ilikuwa inaizunguka nyota kubwa, na kila ilipopita nyuma yake ilifichwa.

Upesi ikafuata nyingine, Hercules X-1, inayopiga kila sekunde 1.24 na kuzungukana na mwenzake kwa siku 1.7.

Sasa fumbo la mwaka 1962 likapata jibu. Nyota hizo mbili zimekaribiana mno hata ile ya nutroni humnyang'anya mwenzake gesi. Gesi hiyo huanguka kwa mwendo wa kutisha, ikiongozwa na nguvu za sumaku hadi kwenye ncha za nyota, na hapo hupata joto la mamilioni ya digrii na kutoa eksirei. Nyota ikizunguka, mwali wake hutupitia kama tochi ya mlinzi wa usiku anayegeukageuka mahali pamoja. Kuanguka huko hutoa nishati zaidi ya mara kumi kuliko ile ambayo Jua hupata kwa kuunguza kiasi kilekile cha hidrojeni. Ushahidi ninaouona mimi kuwa mzuri kuliko yote ni huu: pulsa za Cambridge hupungua mwendo polepole, kwa sababu zinatumia akiba yao wenyewe. Vipimo vya Centaurus X-3 vilipolinganishwa, mipigo yake ilionekana kufupika. Ilikuwa inaongeza mwendo. Kitu fulani kilikuwa kinailisha na kuisukuma.

Uhuru ilinyamaza mwezi Machi 1973. Orodha yake ya nne, iliyotolewa mwaka 1978, ina vyanzo 339 vya eksirei, na mwaka 2002 Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel.

Tuseme ukweli wote. Satelaiti ilitengenezwa Marekani, roketi ilirushwa na Waitalia, na katika makala za mwaka 1971 na 1972 zilizotangaza pulsa hiyo hakuna jina la mtu wa Malindi wala wa Nairobi. Kenya ilitoa bahari yake na siku kuu yake. Shirika lake lenyewe la mambo ya anga liliundwa mwaka 2017. Kuna watakaosema kwamba jina ni malipo madogo. Nakubali ni madogo, lakini sithubutu kusema si kitu, kwa maana nakumbuka yaliyotupata sisi. Katika miaka ya sabini Zaire nayo iliikodisha kampuni ya Kijerumani eneo kubwa mno la Shaba ili irushe roketi. Ya kwanza ilipaa mwaka 1977. Nyingine ilianguka mwaka 1978 Rais Mobutu akiwa anatazama. Na mwaka 1979 mkataba ukafutwa. Eneo lote hilo halikutuachia hata herufi moja katika orodha ya nyota.

Kwetu Kitshanga, usiku wa mwezi wa Aprili mbingu ikiwa safi, Msalaba wa Kusini huonekana vizuri. Centaurus X-3 iko upande wake wa kuume, si mbali, ingawa bila darubini haionekani. Ile 4U 1626-67 huchelewa kupanda. Hupiga kila baada ya sekunde 7.7, na inazungukana na mwenzake kwa dakika 42, muda mfupi kuliko Misa yetu ya Dominika. Hapo awali ilikuwa ikiongeza mwendo. Mnamo mwaka 1990 ikaanza kuupunguza. Mwaka 2008 ikauongeza tena. Mwaka 2023 ikageuka tena. Ni vyombo vingine sasa vinavyoitazama, na wanaotangaza mageuzi yake huendelea kuiandika kwa herufi ileile.