Nyumba Iliyopimwa kwa Boriti

Mgeni akishuka Lamu, kamera yake huanza na mlango. Si ajabu, maana milango ya Lamu imechongwa ikachongeka. Lakini anayetaka kuijua nyumba yenyewe, ile ya mawe iliyojengwa mtaa wa Mkomani katika karne ya 18, afadhali auache mlango kwanza, ainue uso atazame dari. Ataona boriti zimepangwa moja baada ya moja, kutoka ukuta hadi ukuta. Hesabu yote ya nyumba ilianzia hapo.

Boriti ni mti wa mkoko. Wakataji wa Lamu huigawa mikoko kwa unene, na kila unene una jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mti wa kadiri ya boriti hauwezi kubeba sakafu nzito ya mawe na chokaa ukivuka sana mita 2.5 au karibu na 3. Basi fundi hakuwa na chaguo kuhusu upana wa chumba, ila urefu tu. Ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, vimelala sambamba kimoja nyuma ya kingine kama majahazi yaliyofungwa gatini. Magofu ya Gede, ya karne kadhaa nyuma, yana vyumba vya umbo hilohilo. Waliodhani mtindo huu uliletwa na wageni ukiwa tayari umekamilika wangeanza kwa kuuliza kuhusu mikoko.

Kuta ni za mawe ya matumbawe, mengi yakitoka kisiwa jirani cha Manda, nazo ni nene kiasi cha kuzuia joto la mchana lisifike ndani kabla ya jioni. Chokaa nayo ni matumbawe, yaliyorundikwa juu ya magogo katika tanuu, yakachomwa, kisha yakamwagiwa maji na kuachwa yaive.

Sasa tuingie. Nje kuna daka, ukumbi mdogo wenye baraza za mawe kulia na kushoto. Hapa ndipo mwenye nyumba alipokaa na wenzake, na wageni wengi safari yao iliishia hapa. Ukipita mlango unaingia tekani, kijiukumbi cha ndani ya mlango, na njia inapinda ili jicho la mpita njia lisifike ndani. Kiwanda hufuata, uwanja ulio wazi juu, ambao ndio pua na macho ya nyumba, kwa kuwa upande wa barabarani madirisha ni machache sana. Kwa kawaida vyumba huelekea kiwandani upande wa kaskazini, na kwa mtu wa Lamu kaskazini ndiko kibla. Kutoka kiwandani unapanda hadi msana wa tini, yaani ukumbi mrefu wa chini, kisha msana wa yuu, ule wa juu, kisha chumba kiitwacho ndani. Kila hatua sakafu inainuka kidogo, mwanga unapungua, na idadi ya watu wenye ruhusa ya kufika hapo inapungua vilevile. Mgeni wa kiume aliyestahili kulazwa alipewa sabule, chumba kilichotengwa ili asikutane na wanawake wa nyumbani.

Ndani ndiko kwenye zidaka. Ukuta mzima umetobolewa vishubaka, safu juu ya safu, umepambwa kwa plasta iliyochongwa kwa mkono. Humo zilipangwa bakuli na sahani za Kichina, vitabu na vyombo vya thamani. Mwanaakiolojia Linda Donley-Reid, aliyezichunguza nyumba hizi, aliona kwamba sahani zile hazikuwekwa kwa fahari peke yake: zilikuwa pia kinga dhidi ya jicho la husuda. Nami naona hoja hiyo ina uzito, hasa ukikumbuka kilicho nyuma ya ukuta ule: nyumba ya kati, chumba kidogo cha giza ambamo mama alijifungulia na maiti aliandaliwa kwa safari yake ya mwisho. Mapambo yote yalikusanywa mlangoni pa kuzaliwa na kufa.

Nyumba ya namna hii ilikuwa ya mwanamke. Baba wa ukoo wenye uwezo alimjengea binti yake, na bwana arusi ndiye aliyehamia kwa mkewe. Binti wa pili akiolewa, ghorofa iliongezwa juu, au nyumba ilijengwa ng'ambo ya kichochoro na kuunganishwa kwa wikio, chumba kinachovuka juu ya njia, ili mama na mabinti watembeleane pasipo kutia mguu nje. Lakini tusiipambe historia kupita kiasi. Katika nyumba za ghorofa, chini palikuwa pa bidhaa na pa watumwa, na utulivu wa juu ulisimama juu ya migongo yao. Maelezo mengi ya watalii hulipita jambo hili mbio.

Msanifu majengo kutoka Iraki, Usam Ghaidan, ndiye aliyeupima mji huu kwa makini na kutoa kitabu kuhusu Lamu mwaka 1975. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba moja ya karne ya 18 inatunzwa kama makumbusho, na anayetaka kuona birika la chooni ambamo samaki walifugwa wale viluwiluwi vya mbu aende huko.

Adui wa nyumba nyingine ni saruji. Chokaa hupumua: unyevu unaoingia ukutani hutoka. Ukuta ukikandikwa saruji, maji na chumvi hufungiwa humo, na ncha ya boriti iliyozama ukutani huoza mahali pasipoonekana. Dari linapopasuka, mti umeshakwisha zamani. Adui wa pili ana adabu zaidi. Ni mnunuzi anayeupenda mlango, anayezipenda zidaka, akaajiri mafundi hodari, kisha akabomoa ukuta kati ya msana na ndani ili apate sebule pana, na nyumba ya kati akaigeuza kabati la nguo. Kwenye picha hakuna kilichopungua. Lakini zile hatua za kutoka hadharani hadi sirini, ambazo ndizo nyumba, zimefutwa.

Wikio ndiyo huonyesha hasara hii upesi. Nyumba mbili zikishauzwa kwa watu wawili wasiojuana, chumba kile cha juu hakina wa kumvusha. Huzibwa upande mmoja, kikabaki stoo. Chini yake, saa za jua kali, punda husimama kivulini, na vijana hukaa wakisubiri adhana ya alasiri.