Sugu

Mwenye duka la pembejeo sokoni Migwani akifungua programu ya hesabu kwenye simu, ripoti humpangia madeni kwa umri: siku 1 hadi 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, kisha zaidi ya 90. Wa safu ya mwisho tunawaita wadaiwa sugu. Jina limewakaa. Sugu ni ngozi ngumu ya kiganja cha mshika jembe. Ukiibonyeza, mwenyewe wala hasikii.

Ila programu haijui mvua za vuli. Mkulima aliyekopa mbegu za ndengu Oktoba atalipa akishavuna, Januari au Februari. Siku 90 zinamkuta ndengu ziko uani, bado kupurwa. Huyo ni mdaiwa tu; sugu tumwachie mwenye mshahara anayezima simu kila mwisho wa mwezi.

Naye mdai (wengi humchanganya na mdaiwa) asilale. Sheria ya Kenya humpa miaka 6 kushtaki kwa deni la mkataba. Mdaiwa akilikiri kwa maandishi, au akilipa sehemu, hesabu huanza upya, kwa hiyo hata shilingi 200 za M-Pesa zipokelewe.