Elimu ya Waosha Maiti wa Lamu

Historia ya tiba ya mahakama huandikwa kana kwamba kuusoma mwili wa marehemu kulianzia Ulaya. Mwaka 1811 Mfaransa Pierre Nysten alieleza kwamba maiti hukakamaa kwa utaratibu: taya na shingo kwanza, kisha mikono, mwisho miguu. Hadi leo daktari anayekadiria saa ya kifo hulipima taya kabla ya goti. Ila katika visiwa vya Lamu, utaratibu huo una adabu zake za tangu zamani, na adabu hizo ni elimu.

Ushahidi umo katika fiqhi. Msafiri Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331, aliwakuta watu wa Mombasa wakifuata madhehebu ya Shafii. Kitabu maarufu cha madhehebu hayo, Minhaj cha Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 1277, kinaagiza marehemu afumbwe macho, afungwe taya, alainishwe viungo na awekewe kitu kizito tumboni. Kila agizo linalitangulia badiliko fulani la mwili. Kitambaa hupitishwa chini ya kidevu na kufungwa utosini, maana taya likikakamaa wazi halifungiki kwa wepesi. Kigasha hukunjwa kwenye mkono wa juu, muundi kwenye paja, kisha viungo vikanyooshwa, misuli ingali imelegea. Uzito wa tumboni hukusudiwa kuzuia uvimbe. Hiyo ni ratiba isiyo na saa ya ukutani, na anayechelewa huona mwenyewe kwamba amechelewa.

Atakayepinga atasema kwamba kitabu hicho ni cha Sham, si cha Lamu, na kwamba shabaha yake ni heshima ya maiti, si kujua amekufa lini. La kwanza linajibika: kitabu hutoa mpangilio, lakini kasi hutolewa na mahali. Kwenye joto maiti hukakamaa upesi na kulegea upesi kuliko kwenye baridi. Hata kipimajoto, chombo kinachotegemewa sana Ulaya, hapa kina uwezo mdogo: mwili wenye nyuzi 37 ukilazwa kwenye hewa inayokaribia nyuzi 30 hauna joto jingi la kupoteza. Anayeshughulikia maiti katika hali hiyo mwaka hadi mwaka anaijua kasi ambayo majedwali ya nchi za baridi hayaioneshi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Kweli shabaha ni heshima, na heshima hiyo hugharimu ushahidi: kiungo kilichokwisha kukakamaa kikikunjwa kwa nguvu hakikakamai tena, josho huondoa alama, na maziko ya haraka hayampi mchunguzi nafasi. Hata hivyo fiqhi hiyohiyo huamrisha kungoja pale kifo kinapotiliwa shaka, mpaka dalili zithibitike, pamoja na kubadilika kwa harufu. Kumbe dalili za mwili zilitakiwa zitoe hukumu, japo swali lilikuwa kama mtu amekufa, si amekufa saa ngapi.

Kwa hiyo daktari anayefika baada ya josho asimwone mwosha kuwa mharibifu wa ushahidi tu. Amuulize: ulipofika, taya lilifungika? Kiwiko kilikunjika? Tumbo lilikuwaje? Majibu hayo ni vipimo vilivyochukuliwa mapema kuliko vyake, na kuvidharau kwa kuwa havikuandikwa ni kuipunguza elimu yake mwenyewe.