Mabamba ya Shaba: Tarehe ya Biashara ya Atlasi kutoka Antwerp hadi Gotha

Tarehe ya atlasi, yaani kitabu cha ramani zilizochorwa kwa ukubwa mmoja na kufungwa pamoja katika jalada moja, huanzia mjini Antwerp, katika Ubelgiji wa leo, tarehe 20 Mei 1570, siku ambayo Abraham Ortelius alitoa kitabu chenye karatasi 53 za ramani alichokiita Theatrum Orbis Terrarum. Kabla ya hapo mpenzi wa ramani alizinunua moja moja, kubwa kwa ndogo, akazikunja au akazitundika ukutani, na huko Italia wauzaji walikuwa wakimfungia mnunuzi rundo la zile alizozichagua mwenyewe. Jambo jipya la Ortelius lilikuwa kuzichongesha zote upya kwa kipimo cha kitabu, kuzipanga kwa utaratibu wa mabara na nchi, na kuchapa maelezo nyuma ya kila moja. Ortelius hakuwa baharia wala mpimaji wa ardhi. Alizaliwa Antwerp mwaka 1527, na mwaka 1547 aliandikishwa katika chama cha mafundi wa mji huo kuwa mpakaji rangi wa ramani, kisha akawa mfanyabiashara wa ramani na vitu vya kale, na pengine kwa sababu alizijua ramani kwanza kama kazi ya mikono ya watu wengine, alitanguliza mwanzoni mwa kitabu chake orodha ya majina 87 ya wachoraji wa ramani, uungwana ambao wengi waliorithi biashara hiyo hawakuuendeleza.

Ili kuelewa mambo yaliyofuata, yafaa kwanza kueleza kazi yenyewe ilivyofanyika. Ramani ya zama hizo ilichongwa juu ya bamba la shaba lililosuguliwa hadi likang'aa, na mchongaji, mfano wa Frans Hogenberg aliyechonga nyingi za Ortelius, alishika kalamu ya chuma yenye ncha kali na kuchimba mistari ya pwani, mito na milima, pamoja na herufi zote za majina, kinyumenyume, ili zisomeke sawasawa zikishachapwa. Bamba lilipakwa wino hadi ukajaa katika michoro, likafutwa usoni kwa uangalifu, likalazwa chini ya karatasi iliyoloweshwa kidogo, kisha vyote viwili vikapitishwa kati ya rola mbili za mtambo zilizobana kwa nguvu, hata karatasi ikanyonya wino kutoka ndani ya mifereji ile. Rangi ilipakwa baadaye kwa mkono, karatasi kwa karatasi. Aliyetaka kurekebisha jina au kusogeza mto alilazimika kuligonga bamba kwa nyundo kutoka nyuma hadi sehemu ile iinuke, kuisugua iwe laini, na kuichonga upya. Kazi hiyo ilikuwa ya taabu na gharama, na kwa hiyo mwenye bamba aliiahirisha kadiri alivyoweza. Shaba ndiyo iliyokuwa mtaji wa biashara hii: iliuzwa, iliwekwa rehani, ilirithiwa na wajane na watoto, na kila ilipohama ilihama na makosa yake.

Mwaka 1572 Hogenberg huyohuyo, akishirikiana na kasisi Georg Braun mjini Köln, alianza kutoa Civitates Orbis Terrarum, kitabu cha picha za miji ya dunia ambacho kilifikia juzuu sita ilipofika mwaka 1617, na katika juzuu ya kwanza kuna karatasi inayoonyesha Aden juu, na chini yake Mombasa, Kilwa na Sofala. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki karatasi hiyo ina uzito wa pekee, maana Wareno walikuwa wameziteka na kuzipora Kilwa na Mombasa mwaka 1505, miaka 67 kabla ya kitabu kutoka, na kwa hiyo mnunuzi wa Ulaya alioneshwa miji iliyosimama imara wakati ambapo mmoja wao, Kilwa, ulikuwa umekwisha kupoteza sehemu kubwa ya biashara yake ya dhahabu.

Jina la atlasi halikutoka kwa Ortelius bali kwa rafiki yake Gerard Mercator, aliyezaliwa Rupelmonde mwaka 1512, akafungwa miezi kadhaa mwaka 1544 kwa tuhuma za uzushi wa dini, na mwaka 1552 akahamia Duisburg, Ujerumani, alikoishi hadi alipofariki mwaka 1594. Mercator alikuwa mtaalamu wa hesabu, na ramani yake ya dunia ya mwaka 1569 ilibuni njia ya kuulaza uso wa mviringo juu ya karatasi bapa kiasi kwamba baharia akichora mstari ulionyooka, mstari huo unafuata mwelekeo mmoja wa dira tangu mwanzo hadi mwisho, ingawa nchi zilizo mbali na ikweta hutanuka kupita kiasi. Alikuwa na mikono mizito ya mtu asiyekubali kutoa kazi kabla ya kuridhika nayo, na kitabu chake kikubwa kilitolewa na mwanawe Rumold mwaka 1595, mwaka mmoja baada ya kifo chake, kikiwa na jina la Atlas, mfalme wa Mauretania katika hekaya za kale aliyesifiwa kwa elimu ya nyota.

Kitabu cha Mercator hakikuuzwa vizuri mwanzoni, na mwaka 1604 mabamba yake yalinunuliwa na Jodocus Hondius wa Amsterdam, ambaye mwaka 1606 alikitoa upya pamoja na ramani mpya za kwake, na hapo ndipo kilipopata wasomaji. Hondius alipofariki mwaka 1612, mjane wake Coletta van den Keere na wanawe waliendelea na duka, na mkwewe Johannes Janssonius akaingia katika biashara hiyo. Mwanawe mmoja, Jodocus mdogo, alifariki mwaka 1629, na mabamba yake yapatayo 40 yakaangukia mikononi mwa mshindani wa familia, Willem Janszoon Blaeu. Blaeu aliwahi kusoma unajimu kwa Tycho Brahe katika kisiwa cha Hven. Mwaka 1630 aliyatumia mabamba hayo kutoa atlasi yake ya kwanza, akiwa amefuta jina la Hondius na kuchonga la kwake. Mwaka 1633 aliteuliwa kuwa mchoraji ramani wa kampuni ya Kiholanzi ya biashara ya Mashariki, na mwaka 1637 alihamia kiwanda kipya kilichokuwa na mitambo tisa ya kuchapia vitabu, mbali na ile ya kuchapia mabamba.

Mwanawe, Joan Blaeu, ndiye aliyeifikisha biashara hii kileleni. Atlas Maior yake, iliyotoka kwa Kilatini mwaka 1662 katika juzuu 11 zenye ramani zipatazo 600, na mwaka uliofuata kwa Kifaransa katika juzuu 12, iliuzwa kwa gilda 350 bila rangi na zaidi ya 400 ikiwa na rangi, gilda ikiwa sarafu ya Uholanzi, na inakubalika kwamba hakukuwa na kitabu cha chapa kilichouzwa ghali zaidi katika karne hiyo. Ndani yake imo ramani ya Afrika iliyochongwa na baba yake yapata mwaka 1617, nayo ni nzuri kweli: juu kuna picha ndogo tisa za miji, ikiwemo Cairo, Tunis na Msumbiji, kila upande kuna jozi tano za watu katika mavazi yao, baharini merikebu, na barani tembo, simba na mbuni. Pwani majina ya Kilwa, Mombasa na Malindi yamepangika kwa mfuatano wake, kwa kuwa mabaharia walizijua bandari hizo. Ndani ya bara, hata hivyo, mto Nile unatoka katika maziwa mawili yaliyo kusini mwa ikweta, kama alivyoandika Ptolemy wa Alexandria katika karne ya 2, na tembo wale wamesimama mahali palipokosa habari. Bamba hilo lilitumika kwa zaidi ya miaka 40 bila bara kubadilika.

Wapenzi wa ramani hawakuridhika hata na juzuu hizo 11. Laurens van der Hem, wakili wa Amsterdam, aliinunua Atlas Maior akaiongezea ramani, picha na michoro ya mkono hadi ikafikia juzuu zaidi ya 40, baadhi ya ramani hizo zikiwa nakala za zile ambazo kampuni ya Mashariki ilizificha kwa sababu za kibiashara. Mkusanyo huo uko Vienna hadi leo. Nakala nyingine ya atlasi ilipelekwa Istanbul mwaka 1668 kuwa zawadi ya serikali ya Uholanzi kwa Sultani Mehmed IV, na mwanachuoni Abu Bakr al-Dimashqi akaifasiri kwa Kituruki, kazi aliyoimaliza mwaka 1685. Tarehe 23 Februari 1672 kiwanda cha Joan Blaeu kilichokuwa Gravenstraat kiliteketea kwa moto, na sehemu kubwa ya mabamba, karatasi na herufi ikaharibika. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1673, na yaliyosalia yakanadiwa.

Mjini Paris, mwaka 1749, Jean Baptiste Bourguignon d'Anville alifanya jambo ambalo wenye mabamba ya zamani hawakuthubutu, akatoa ramani ya Afrika ambayo sehemu kubwa ya bara imeachwa nyeupe, pasipo tembo wala mito ya kubuni. Weupe huo ulianza kujazwa kwa maneno ya watu wa Afrika Mashariki. Mmisionari Jakob Erhardt alikaa Tanga mwaka 1854 akiwauliza wasafiri wa misafara habari za bara, na wote, waliopita njia ya kaskazini, ya kati na ya kusini, walimwambia kwamba mwisho wa njia yao kuna maji makubwa; yeye na mmisionari mwenzake Johannes Rebmann wa Rabai wakaamua kwamba maji hayo ni bahari moja, wakaichora ndefu yenye umbo la konokono asiye na gamba. Mwaka 1856 ramani hiyo ilichapishwa katika jarida la August Petermann mjini Gotha, Ujerumani, kwenye nyumba ya Justus Perthes iliyokuwa ikitoa atlasi ya Stieler, na ikawa miongoni mwa sababu za Richard Burton na John Hanning Speke kutumwa bara kutoka Unguja mwaka 1857. Kosa la ramani lilikuwa katika kujumlisha, wala si katika habari walizotoa wasafiri. Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, mwezi Novemba mwaka huo, mfanyabiashara Snay bin Amir, Mwarabu wa Oman aliyekuwa mkazi wa huko, aliwaeleza kwamba wamisionari wameunganisha maziwa matatu kuwa moja: la Nyasa, la Ujiji na la Ukerewe.